Gari la zamani kupunguza maji: je, ni joto la Mombasa?

Wengi Mombasa huamini kwamba gari la zamani lazima "linywe" maji: joto ni kali, foleni ya feri ya Likoni ni ndefu, basi kila asubuhi unaongeza chupa moja kwenye rejeta na safari inaendelea. Na kwa kuwa chini ya gari ni pakavu, hakuna anayeshuku kuvuja.

Ila mfumo wa kupoza injini umefungwa. Maji huzunguka na kurudi. Hayatumiki kama petroli. Yakipungua kila siku, yana pa kutokea. Ufa mdogo huweza kuvuja injini ikiwa ya moto tu, maji yakageuka mvuke juu ya chuma kabla ya kufika chini.

Kagua asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Ukifungua mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto, maji yanaweza kukurukia na kukuunguza. Mulika tochi kwenye maungio ya mipira na chini ya pampu ya maji: kulanti (maji ya dawa ya kupoza injini) iliyokauka huacha ukoko mweupe au wa kijani, mara nyingi kando ya klipu. Gusa zulia la mbele upande wa abiria. Likiwa na unyevu wenye harufu tamu, shuku hita, kipasha joto cha ndani ya gari ambacho maji ya injini hupitia, hata kama huiwashi (na nani huiwasha hapa?).

Usipoona kitu, mwombe fundi apime kwa pampu ya presha, injini imezimwa. Presha ikishuka na nje kote ni pakavu, achunguze gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake. Na maji ya kisima yenye chumvi yasiingie humo. Hula rejeta kwa ndani.