Mgomo wa Walimu: Siku Saba za Ilani ni za Mzazi Pia

Chama cha walimu nchini Kenya kikitoa ilani ya mgomo, maswali ya wazazi huwa yale yale. Mtoto aende shule Jumatatu au abaki? Karo niliyolipa itarudishwa? Mwalimu anayegoma bado anapokea mshahara? Yote yana majibu, na mengi yamo katika sheria iliyopitishwa tangu 2007. Tatizo ni kwamba huulizwa asubuhi ya mgomo wenyewe, mzazi akiwa langoni na mtoto, godoro na sanduku la bweni, ilhali ilani ilikuwa redioni juma zima.

Mgomo halali hauanzi siku walimu wanapoweka chini chaki. Chini ya Sheria ya Mahusiano ya Leba, chama na mwajiri, ambaye hapa ni Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC), wakishindwana mezani, mgogoro huripotiwa kwa Waziri wa Leba kwa maandishi. Waziri ana siku 21 za kuteua mpatanishi. Mpatanishi naye ana siku 30 za kuzikutanisha pande mbili, na zikitaka zinaweza kukubaliana kumwongezea muda. Asipofaulu, hutoa cheti kwamba mgogoro haukutatuliwa. Hapo tu ndipo chama kinaruhusiwa kutoa ilani ya siku saba, kwa maandishi, iliyotiwa sahihi na afisa aliyeidhinishwa, na nakala ifike kwa mwajiri na kwa Waziri. Hatua hizi zikitumia muda wote uliowekwa, jumla ni siku 58. Karibu miezi miwili.

Kwa hiyo mzazi anayesema "walimu wametushtukiza" alikuwa na nafasi ya kujua. Na ikiwa kweli chama kiliruka hatua hizo, basi huo si mgomo unaolindwa na sheria, na mwajiri anaweza kwenda Mahakama ya Uajiri na Leba kuuzuia.

Wengine wanashikilia kwamba walimu hawaruhusiwi kugoma kwa sababu wanahudumia watoto. Tuliweke wazi jambo hili. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Huduma ambazo mgomo umekatazwa zimetajwa katika jedwali la nne la Sheria ya Mahusiano ya Leba: maji, hospitali, uongozaji wa ndege, zima moto na nyingine chache. Ualimu haumo. Mtu anaweza kutamani uwemo, lakini hiyo ni hoja ya kupeleka Bungeni, si ya kumtupia mwalimu matusi katika kikundi cha WhatsApp cha darasa.

Kuhusu mshahara, sheria ina pande mbili, na wengi hukumbuka mmoja tu. Mwalimu aliye katika mgomo unaolindwa hawezi kufutwa wala kuadhibiwa kwa kushiriki, lakini mwajiri halazimiki kumlipa siku ambazo hakufanya kazi. Aliye katika mgomo usiolindwa amevunja mkataba wake wa ajira: halipwi, na anaweza kufikishwa mbele ya kamati ya nidhamu. Mahakama ikitoa amri ya kusimamisha mgomo na viongozi wa chama wakaendelea, kosa linabadilika na kuwa kudharau mahakama, ambalo adhabu yake ni faini au kifungo.

Kwa hiyo si kweli kwamba mwalimu anayegoma yuko likizoni kwa malipo. Sheria ya Ajira inaruhusu makato yafike thuluthi mbili ya mshahara, na walimu wengi wenye mikopo ya benki na sacco, yaani vyama vya akiba na mikopo, wamefika hapo. Mshahara ukisimama mwezi mmoja, mkopo haulipwi, na sacco huwageukia wadhamini, ambao mara nyingi ni walimu wenzake wa shule ile ile. Katika mgogoro wa 2024, dai mojawapo la walimu lilikuwa kwamba pesa zilikatwa kwenye payslipu zao na zikachelewa kufika kwa benki na sacco. Hizo pia ni familia, na zina watoto wanaosoma.

Kwa nini mara nyingi ni muhula wa tatu

Mkataba wa Makubaliano ya Pamoja kati ya vyama na mwajiri, ambao wengi huuita CBA, hukwama mara chache kwa sababu pande mbili hazikuelewana. Mara nyingi hukwama kwenye fedha. Kabla TSC haijatia sahihi jambo lolote la mshahara, lazima ipate ushauri wa Tume ya Mishahara na Marupurupu, yaani SRC. Baada ya hapo Hazina itenge pesa na Bunge lizipitishe. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na awamu za nyongeza hupangwa kuanza siku hiyo hiyo. Payslipu ya Julai ikija bila nyongeza iliyoahidiwa, mgogoro huiva Agosti, shule zikijiandaa kufungua muhula wa tatu.

Ndivyo ilivyokuwa 2024. Mkataba wa 2021 hadi 2025 ulitiwa sahihi Julai 2021 bila nyongeza ya mshahara. Nyongeza ilikuja 2023 kwa makubaliano ya ziada, yenye awamu mbili: Julai 2023 na Julai 2024. Mwezi Juni 2024 Mswada wa Fedha ukaondolewa baada ya maandamano, bajeti ikapunguzwa, na awamu ya pili ikakosa pesa. Kulikuwa pia na suala la walimu wanagenzi 46,000 wa sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9) waliotaka ajira ya kudumu. Shule zilifunguliwa tarehe 26 Agosti, na mgomo wa KUPPET, chama cha walimu wa sekondari na vyuo, ukaanza siku hiyo.

Mwaka 2015 chanzo kilikuwa uamuzi wa mahakama. Tarehe 30 Juni, Mahakama ya Leba iliamuru walimu waongezwe kati ya asilimia 50 na 60. Serikali ikasema haina pesa, walimu wakagoma Septemba, na serikali ikaagiza shule zifungwe, hata za kibinafsi, isipokuwa kwa watahiniwa. Mwishoni mwa mwezi huo mahakama ikasimamisha mgomo kwa siku 90. Novemba, Mahakama ya Rufaa ikaifuta nyongeza yenyewe, na ikasisitiza kwamba ushauri wa SRC hauwezi kuwekwa kando. Familia zilipoteza wiki za masomo zikisubiri nyongeza ambayo mwishowe haikulipwa. Mzazi anayesikia kwamba "mahakama imeamua" ajue kuwa rufaa inaweza kufuata, na mara nyingi hufuata.

Shule gani, walimu gani

Kosa kubwa tunaloliona ni kudhani mgomo ni mmoja kwa shule zote. Vyama vikubwa ni viwili: KNUT ina wanachama wengi wa shule za msingi, KUPPET wa sekondari na vyuo. Sekondari msingi ziko ndani ya boma la shule za msingi, lakini walimu wao wengi wamo KUPPET. Mwaka 2024, KNUT ilisitisha mgomo wake shule zilipokuwa zikifunguliwa, KUPPET ikaendelea hadi mwanzoni mwa Septemba. Katika boma moja ungekuta Gredi ya 4 wanasoma na kengele inalia kama kawaida, huku Gredi ya 8 ng'ambo ya uwanja wameketi bila mwalimu. Familia yenye watoto wawili hapo ilihitaji mipango miwili. Kuna pia walimu walioajiriwa na Bodi ya Usimamizi, BOM. Hao si wafanyakazi wa TSC na mgogoro huu si wao, ila ni wachache mno kuendesha ratiba nzima.

Basi ilani ikitoka, tumia siku zile saba. Kwa shule ya bweni, mpigie mwalimu mkuu kabla ya kupakia sanduku, umuulize mambo matatu: shule ina walimu wangapi wa BOM, nani atakuwa zamu usiku katika mabweni, na wanafunzi wakirudishwa nyumbani mzazi atajulishwa vipi na saa ngapi kabla. Jibu la pili ndilo zito. Darasa bila mwalimu ni hasara ya somo. Bweni la mamia ya vijana bila mtu mzima wa kutosha ni hatari. Akikosa jibu la kueleweka, ni afadhali mtoto akae nyumbani siku mbili tatu. Ukimpeleka, acha nauli ya kurudi kwa matroni au mwalimu wa bweni, si mfukoni mwa mtoto ambamo itaisha kwenye kantini.

Shule ya kutwa ina ugumu wake, na unaziumiza zaidi familia zisizo na uwezo. Mtoto aliyekuwa akila chakula cha mchana shuleni sasa anakula nyumbani au anashinda njaa. Mama wa kibarua hana wa kumwachia watoto, na mara nyingi anayebebeshwa mzigo ni binti mkubwa, hata siku ambazo darasa lake yeye linaendelea. Majirani wawili au watatu wakipeana zamu, kila mmoja akishinda na watoto wote siku moja, hakuna anayepoteza kibarua cha wiki nzima. Kumpeleka mtoto shambani au kwenye duka la mtu afanye kazi ya kulipwa si suluhisho: aliye chini ya miaka 13 hawezi kuajiriwa kabisa, na wa miaka 13 hadi 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu. Mtoto akiteswa au kutelekezwa wakati huu, nambari 116 hupigwa bila malipo.

Karo. Masomo ya sekondari ya umma hulipiwa na serikali kwa mgao wa kila mwanafunzi. Anacholipa mzazi wa bweni ni hasa malazi, chakula na matengenezo. Kwa shule ya kitaifa ni Sh53,554 kwa mwaka, zikigawanywa asilimia 50, 30 na 20 kwa mihula mitatu. Muhula wa tatu basi ni kama Sh10,700. Usitarajie kurudishiwa pesa taslimu. Lakini chakula ambacho hakikuliwa kina thamani, na ni haki kuuliza kimekwenda wapi. Pitisheni ombi kupitia Chama cha Wazazi, kwa barua kwa BOM, mkiomba salio la stoo lihesabiwe katika muhula unaofuata, na mambo hayo yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Malalamiko ya mdomo langoni hayaachi rekodi. Tunza risiti.

Mtahiniwa anahitaji uangalizi zaidi, na hapa wazazi wengi bado wanafikiri kwa mfumo wa zamani. "Tyusheni itafidia" ilikuwa na ukweli kidogo wakati wa mtihani mmoja wa mwisho. Sasa alama za KJSEA, tathmini ya kumaliza sekondari msingi katika Gredi ya 9, hutoka sehemu tatu: asilimia 20 ni KPSEA, tathmini ya kumaliza shule ya msingi katika Gredi ya 6, asilimia 20 ni tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na 60 ni mtihani wenyewe. Tathmini za shuleni husimamiwa na mwalimu wa somo, naye ndiye anayeingiza alama kwenye mfumo wa KNEC, Baraza la Mitihani. Mwalimu wa tyusheni hawezi kufanya hivyo. Kwa hiyo hifadhi kazi za mradi za mtoto, ziandikwe tarehe, zisitupwe wakati wa kufagia. Mgomo ukiisha, wiki ya kwanza nenda ukaulize kama alama zimeingizwa, usingoje mwisho wa muhula. Hali ni hiyo kwa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, katika masomo yenye miradi, kama kilimo na kompyuta.

Na baada ya mgomo, shule zingine huwaita wanafunzi likizoni "kufidia muda" kwa ada. Sheria ya Elimu ya Msingi imekataza kumlazimisha mwanafunzi kusoma likizoni, na adhabu ni faini isiyozidi Sh100,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Tarehe za muhula hubadilishwa na Wizara ya Elimu kwa waraka. Mwalimu mkuu akidai muda umeongezwa, omba kuona waraka.

Mgomo ukisitishwa, pande mbili hutia sahihi makubaliano ya kurejea kazini. Katika hayo angalia kama mishahara iliyozuiliwa italipwa na kama hakuna mwalimu atakayeadhibiwa, kwa sababu yasipokuwemo, walimu watarudi kwa kusitasita na madarasa yatasuasua. Kisha mwajiri ana siku 14 za kuwasilisha mkataba mpya mahakamani, na kabla ya kusajiliwa huko hauwezi kutekelezwa kwa nguvu ya sheria. Mkataba wa sasa, wa Sh33.8 bilioni, ulitiwa sahihi Julai 2025 na unafika tamati 30 Juni 2029. Hadi hapo, bajeti ikisomwa kila Juni, tazama fungu la TSC: ikiwa pesa za nyongeza ya Julai hazimo, anza kupanga Agosti yako.