37 Seconds: dhana potofu kuhusu sinema ya binti anayenyimwa utu uzima

Sinema hii ya Kijapani ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Hikari, inamhusu Yuma, binti wa miaka 23 mwenye mtindio wa ubongo, ulemavu unaoathiri viungo na mwendo, anayetumia kiti cha magurudumu. Anachora manga, yaani vibonzo vya Kijapani, lakini sifa anachukua mwenzake. Kila ninapoipendekeza, majibu ni yaleyale.

“Mtu wa kiti cha magurudumu mapenzi ya nini?” Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote. Yuma anapeleka michoro kwenye jarida la watu wazima, na mhariri anamwambia wazi kwamba, kwa kuwa Yuma hajawahi kulala na mtu, akapate uzoefu kwanza. Basi anatoka kwenda kuutafuta. Ana hamu, ana aibu, anaumbuka, anajaribu tena, kama binti yeyote wa rika lake. Wanaodhani haya ni mambo madogo wajue kwamba Japani dhana hiyo iliwahi kuwa sheria: tangu 1948 hadi 1996 sheria iliruhusu watu wenye ulemavu wafungwe kizazi. Waliofungwa chini ya sheria hiyo ni takriban 25,000, wengi wao bila ridhaa. Mahakama ya Juu ilikuja kutamka Julai 2024 kwamba sheria ile ilivunja katiba.

“Mama yake anamlinda tu.” Anampenda, sibishi. Lakini tazama vizuri tukio la kuoga mwanzoni: mama anamvua nguo binti mzima na kumwogesha kama kichanga. Msaada anauhitaji kweli. Ila mama yule haogopi dunia peke yake. Anaogopa pia siku ambayo mwanawe hatamhitaji. Kwangu hapo ndipo penye uchungu wa sinema nzima.

“Ni laana, na akili pia imeguswa.” Sekunde 37 ni muda ambao Yuma hakupumua alipozaliwa. Mtindio hutokana na ubongo mchanga kuumia au kutokukua sawasawa. Kwetu visababishi vingine ni manjano ya mtoto mchanga isiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo na malaria iliyopanda kichwani. Hauambukizi, na wengi akili zao ni timamu kabisa.

“Inakwenda polepole mno.” Inakwenda kwa mwendo wa Yuma. Kamera inamsubiri, nasi tusubiri.

“Mwigizaji mzoefu angefanya vizuri zaidi.” Mei Kayama, anayemwigiza Yuma, ana mtindio wa ubongo mwenyewe, na uigizaji haukuwa kazi yake. Kwenye tamasha la Berlin mwaka 2019, watazamaji wa kitengo cha Panorama waliipa sinema hii tuzo yao.

“Inafaa kuonyeshwa watoto shuleni, wajifunze huruma.” Hapana. Ina matukio ya chumbani na maongezi ya wakubwa. Watoto wakishalala, iangalieni wazazi, hasa mwenye binti mkubwa anayemwogesha bado.