Macho ya mgonjwa wa ICU: si kila wekundu ni maambukizi

Mgonjwa mahututi aliye kwenye mashine ya kupumulia akiwa na macho mekundu yaliyovimba, hakosi mtu wa kusema "ana maambukizi" na kuagiza matone ya antibayotiki. Mara nyingi tatizo ni keratopathia ya jicho wazi: konea, kile kioo cha mbele ya jicho, imekauka na kuchubuka kwa sababu kope hazikufumba.

Mtu aliyelala kawaida hufumba kope, na jicho likiguswa hulibana. Dawa za usingizi mzito na za kulegeza misuli huondoa kinga hiyo. Upenyo mdogo tu ukibaki, machozi yanakauka na tabaka la juu la konea linabanduka.

Uvimbe nao ni jambo jingine, kemosisi: utando wa juu ya weupe wa jicho umejaa maji. Mashine husukuma hewa kwa shinikizo, na kifua kikijaa shinikizo damu ya kichwani hurudi moyoni kwa shida. Ongeza dripu nyingi, kamba ya mpira wa kupumulia iliyokazwa shingoni, au mgonjwa kulazwa kifudifudi, utando utatuna hadi kope zishindwe kukutana. Mpaka hapo bakteria hajahusika, na hakuna antibayotiki inayofumba kope.

Mulika tochi. Kope zimefumba kabisa? Safisha tu. Weupe peke yake unaonekana? Mafuta ya macho kila saa 4, ndani ya kope ya chini. Konea inaonekana? Mafuta, kisha plasta ya kushikilia kope, lakini zifumbe kwanza kwa kidole. Plasta au chachi kavu ikigusa konea iliyo wazi huikwaruza, na ndivyo wengi wanavyoharibu kwa nia njema.

Maambukizi yapo, tena mabaya. Pseudomonasi, aina ya bakteria, hutoka kwenye makohozi, hasa mrija wa kunyonyea ukipitishwa juu ya uso usiofunikwa, na hutua kwenye konea iliyokwisha chubuka. Doa jeupe kwenye konea au usaha ni la daktari wa macho siku hiyohiyo. Konea inaweza kutoboka ndani ya siku chache.

Kwa hiyo, kwenye faili, kabla ya "maambukizi", tungeomba mstari mmoja: kope zimefumba kiasi gani, na konea ina doa au haina.