Jehanamu haimo katika siku sita za uumbaji

Kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, ofisi yetu ya katekesi hapa Mtwara huulizwa swali lile lile, na mwaka huu limekuja kama lalamiko: ikiwa Mungu ni mwema, kwa nini aliumba jehanamu?

Hakuiumba kama alivyoumba bahari na nchi kavu. Mwanzo 1:31 inasema kila alichokifanya kilikuwa chema sana, na katika orodha ya sura hiyo moto haumo. Hata Ibilisi, kwa mafundisho ya Mtaguso wa Nne wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1215, aliumbwa mwema, akajifanya mwovu mwenyewe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kitabu cha mafundisho ya imani yetu, namba 1033 inaiita jehanamu hali ya mtu kujitenga kabisa na Mungu kwa hiari yake. Namba 1035 inathibitisha kwamba ipo na ni ya milele, hivyo asitokee mtu mitaani kusema tumeifuta.

Wabishi hutuletea Mathayo 25:41, unaotaja moto wa milele uliowekwa tayari. Sawa, ila waanzie mstari wa 34. Ufalme umewekwa tayari kwa watu tangu kuumbwa ulimwengu. Moto umewekwa kwa Ibilisi na malaika zake, na hilo la "tangu kuumbwa" halipo.

Linalotuchosha zaidi ni maneno ya msibani kwamba "padri kampeleka motoni" fulani aliyekosa mazishi ya Kanisa. Padri hana uwezo huo! Kanisa halijawahi kumtangaza mtu yeyote kuwa yuko jehanamu. Kanuni ya 1184 ya Sheria za Kanisa inawanyima mazishi ya Kanisa walioasi imani hadharani, waliochagua kuchomwa miili yao kwa sababu zinazopingana na imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Lakini aliyeonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa hanyimwi. Penye shaka, suala hupelekwa kwa Askofu na uamuzi wake hufuatwa. Kwa hiyo mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo ya marehemu awahi parokiani kabla kaburi halijachimbwa, aseme aliyoyaona na kuyasikia: je, mgonjwa aliomba padri? Aliungama? Alisali na waliomuuguza? Maelezo hayo yatolewe na waliokuwepo, si waliosimuliwa.

Deni la michango ya Kanisa halimo katika kanuni hiyo kama sababu ya kumnyima mtu mazishi. Maswali kuhusu michango yaelekezwe kwa paroko, si kwetu.