Tafadhali Usinifutie Rejeta

Mteja amenirudishia tena mchoro wa chombo cha vizazi, yaani chombo cha kwenda nyota nyingine kwa safari ndefu kiasi kwamba watu huzaliwa na kufa ndani yake, mabapa yote marefu yanayotoka ubavuni, ambayo ndiyo rejeta zake za kupoza, yakiwa yametiwa alama nyekundu, na maelezo yake ni yale yale niliyoyasikia kutoka kwa wachapishaji, watengenezaji wa michezo ya kompyuta na hata wanafunzi wa uchoraji wanaopita hapa ofisini kwangu Kisumu: kwamba angani kuna baridi kali, kwa hivyo chombo hakiwezi kupata joto, na mabapa hayo ni mapambo tu yanayoharibu umbo. Nimechoka kulijibu dai hili kwa barua pepe moja baada ya nyingine. Nitalijibu hapa kwa kirefu, na atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Mtu aliyelala tu hutoa joto la takriban wati 100, na hapa kwetu mwili wake hulipoteza kwa msaada wa hewa, jasho na ule upepo wa ziwani unaoanza kuvuma mchana. Kati ya nyota hakuna upepo, hakuna maji wala ardhi ya kulipokea joto hilo. Chai iliyomiminwa kwenye themosi asubuhi hubaki moto hadi saa saba kwa sababu hewa iliyokuwa kati ya kuta zake mbili imeondolewa, na chombo cha vizazi nacho ni themosi iliyojaa watu elfu kumi, pamoja na taa zao, pampu zao, majiko yao na mashamba yao. Umeme wote unaotumika ndani, uwe wa kumulika sukumawiki au wa kuendesha lifti, mwishowe hugeuka joto, na joto hilo lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mnururisho, yaani joto kutoka kama mionzi isiyohitaji hewa. Kwa hiyo swali la kumwuliza mchoraji si kama chombo kitaganda. Ni kama wakazi wataiva.

Wala haya si mambo ya kubuni. Kituo cha Kimataifa cha Anga kina rejeta za nje ambazo amonia huzungushwa ndani yake, na mfumo wake mkuu unaweza kuondoa takriban kilowati 70 za joto; watu wengi huyatazama mabapa yake yote wakidhani ni ya sola, ilhali yale meupe kazi yake ni kupoza. Vile vyombo vya Marekani vilivyokuwa vikirudi duniani na kutua kama ndege vilikuwa na rejeta upande wa ndani wa milango ya sehemu ya mizigo, na ndiyo maana milango hiyo ilifunguliwa mara vilipofika kwenye mzingo. Milango isingefunguka, safari ingekatizwa.

Tufanye hesabu basi. Tuseme kila mkazi anahitaji kilowati 10, nyingi kati ya hizo zikiwa ni za taa za mimea, kwa kuwa hakuna jua. Watu elfu kumi watatumia megawati 100, na zote hazina budi kutoka nje. Bapa lenye nyuzi 27 za Selsiasi, ambalo ndilo joto la kawaida la sebule hapa Kisumu, hunururisha takriban wati 459 kwa kila mita ya mraba, na likitumia pande zote mbili huwa ni wati 918. Gawanya, utapata mita za mraba zipatazo 109,000, yaani ekari 27 za mabapa, na hapo nimedhani kwamba rangi yake inanururisha kikamilifu, jambo ambalo hakuna rangi inayolifanya. Hizo ndizo ekari ambazo mteja ananitaka nizifute ili chombo kionekane laini.

Sasa nije kwa kundi la pili, ambalo hunikera zaidi kwa sababu limekwisha kukubali kwamba rejeta zinahitajika. Hawa huzipaka zote rangi ya makaa yanayowaka, kuanzia za kinu cha nyuklia hadi za chumba cha watoto. Mnururisho hukua kwa kipeo cha nne cha halijoto, ikipimwa kuanzia sifuri halisi, yaani nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi. Ukiiongeza maradufu, mita ile ile ya mraba hutoa joto mara 16. Kinu cha nyuklia kinaweza kutupa joto lake katika nyuzi 527, na hapo ndipo chuma huanza kuonyesha wekundu hafifu gizani, wala si ule wa rangi ya chungwa. Katika halijoto hiyo, tuseme kinu kinatupa megawati 300, hizo hutoshewa na mita za mraba 6,500, ambazo hazifiki hata ekari mbili. Joto la makazi, kinyume chake, haliwezi kutupwa likiwa kali namna hiyo, kwa sababu hewa wanayovuta watu na maji yanayopita kwenye mashamba havina budi kubaki katika halijoto ya watu na mimea. Unaweza kulisukuma lipande kwa mitambo kama ile ya friji, lakini mitambo hiyo nayo hula umeme, na umeme huo nao hugeuka joto. Matokeo yake ni kwamba rejeta ndogo za nyuma, za kinu, ndizo zinazong'aa kidogo, na zile kubwa zinazotawala picha nzima ni nyeusi kabisa mbele ya macho. Msanii anayezipaka zote wekundu anatuambia kwamba wakazi wanaishi kwenye tanuri.

Mpangilio wake nao una kanuni. Bapa likitazamana na bapa jingine, kila moja humrudishia mwenzake joto, na kwa hiyo msururu wa mabapa manane yaliyopangwa kuzunguka mhimili kama petali za ua ni mzuri kwa jalada la kitabu na mbovu kwa kazi. Mawili yanayoelekea pande tofauti ndiyo bora, manne yanavumilika. Ukingo mwembamba hutangulizwa mbele, si kwa ajili ya hewa, ambayo haipo, bali kwa ajili ya vumbi: kwa mwendo wa asilimia moja ya kasi ya nuru, punje ya gramu moja hugonga kwa nishati ya takriban tani moja ya baruti. Wale wanaosema chombo cha angani kinaweza kuwa na umbo lolote kwa kuwa hakuna hewa wakumbuke punje hiyo.

Hapa sina budi kuwaeleza wasomaji shaka yangu, maana imenisumbua. Chukua makazi yenye umbo la silinda inayozunguka mara mbili kwa dakika ili wakazi wawe na uzito kama wa duniani. Nusu kipenyo chake ni mita 224. Ikiwa na urefu wa kilomita moja, ubavu wake una mita za mraba zaidi ya milioni 1.4, na katika nyuzi zile zile 27 ubavu huo peke yake ungeweza kunururisha zaidi ya megawati 600. Kwa hesabu hiyo silinda haihitaji mabapa yoyote kwa ajili ya makazi. Pingamizi langu ni ngao ya kuwakinga watu na mionzi ya angani, ambayo huwa na unene wa mita kadhaa na haipitishi joto kwa urahisi, kwa hiyo itabidi mabomba yapenye hadi gamba la nje, na kama ngao haizunguki na makazi yanazunguka ndani yake, kiungo cha kuvusha kiowevu kati ya sehemu hizo mbili kitavuja siku moja. Mabapa yaliyo kwenye mhimili hutengenezeka kwa urahisi zaidi. Lakini siwezi kuapa kwamba mhandisi wa kweli angekubaliana nami. Ukinichorea silinda isiyo na mabapa na gamba lake likaonyesha mishipa ya mabomba, sitakupinga. Silinda laini iliyopakwa rangi ya fedha ndiyo nitakayoipinga.

Ukubwa wa idadi ya wakazi ni utata mwingine. Utafiti mmoja ulikokotoa kwamba watu 98 wangetosha kuanzisha ukoo salama kwa safari ya miaka 6,300, na mwingine wa mwaka 2014 ukapendekeza makumi ya maelfu. Mimi huchukua elfu kumi, kwa sababu huo ulikuwa ukubwa wa makazi ya angani yenye umbo la gurudumu yaliyosanifiwa katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1975, na picha zilizochorwa kwa ajili ya mradi ule bado ndizo walimu wangu.

Muda ndio unaoipa rejeta sura yake. Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na jua letu, iko umbali wa miaka ya nuru 4.24. Voyager 1, chombo cha utafiti kisicho na watu, kwa kasi yake ya kilomita 17 kwa sekunde, ingechukua zaidi ya miaka 70,000 kama ingeelekea huko. Kwa asilimia moja ya kasi ya nuru ni miaka 424, yaani vizazi kama 17. Hakuna bapa litakalopigwa na vumbi miaka 424 likabaki jipya. Nimejifunza namna ya kulichakaza kwa kuwatazama mafundi wa jua kali wa Kondele wakitengeneza rejeta za matatu: mrija unaovuja hauondolewi, hubanwa ncha zote mbili ukazibwa kwa lehemu, na rejeta ikaendelea na kazi ikiwa na mirija michache zaidi. Kwa hiyo kwenye mchoro wangu bomba la shina ni nene, matawi yanapungua unene kuelekea ncha, kila safu ina vali yake, na safu zilizokufa zimezibwa na kupigwa alama ya rangi na fundi ambaye babu yake hakuwahi kuona ramani ya kwanza. Viraka haviwi na rangi moja. Mkono wa kizazi cha tano hauchomelei kama wa kizazi cha kumi na mbili.

Limebaki suala la nuru. Katikati ya safari hakuna jua lolote la karibu, na chombo kingeonekana tu kama kitu cheusi kinachoziba nyota. Mimi huruhusu taa za chombo chenyewe na kurunzi za mafundi walio juu ya bapa. Anayetaka ile nuru ya dhahabu ubavuni nitamwuliza picha inaonyesha mwaka gani wa safari. Ukiwa ni mwaka wa kuondoka au wa kufika, jua lipo, na hapo mabapa yatapakwa rangi nyeupe na kugeuzwa ili ukingo ndio ulielekee. Ukiwa ni mwaka wa 200, nuru hiyo haina pa kutoka, na sitaichora.