Wagombea wengi si ushindani mkali

Kila msimu wa uchaguzi, magrupu ya Mbeya na Iringa hurushiana ujumbe kwamba jimbo lenye wagombea wengi ndilo lenye ushindani mkali. Si kweli, tafadhali usiusambaze. Urefu wa karatasi ya kura ndio unaotuchanganya.

Tuseme wapo 10: wa kwanza kapata asilimia 82, tisa waliobaki 2 kila mmoja. Pengo ni 80! Kujua ni wagombea wangapi wana uzito kweli, zidisha fungu la kura la kila mmoja kwa lenyewe (0.82 × 0.82, na kuendelea), jumlisha, kisha gawa 1 kwa jumla hiyo: unapata 1.48, yaani uzito wa mgombea mmoja na nusu. Wagombea wawili tu wenye asilimia 51 na 49 wanatoa karibu 2, na pengo lao ni 2 tu.

Kupata asilimia hizo, gawa kwa kura halali zilizo kwenye fomu ya matokeo. Ukigawa kwa waliojiandikisha, pengo litaonekana dogo kuliko lilivyo.