Hakimiliki si hatimiliki ya wazo

Kijana mmoja alinieleza kwa uchungu kwamba rafiki yake "amemwibia hakimiliki". Nikamuuliza kaiba nini hasa: maandishi, michoro, au msimbo wa programu? Hakuna hata kimoja. Walikuwa wakipiga soga, yeye akasimulia wazo la programu ya simu, na miezi kadhaa baadaye rafiki akatoa programu ya namna hiyo, aliyoiandika mwenyewe tangu mstari wa kwanza. Neno hilo nimeshalisikia likitumika hivyo mara nyingi mno, na subira yangu haikuwa nyingi tangu mwanzo.

Fasili kwanza, tuimalize. Hakimiliki ni haki ya mtunzi kuamua nani anakili, anasambaza, anatafsiri au anaonyesha hadharani kazi yake, kwa muda uliowekwa na sheria. Kazi hapo ni kitu kilichokwisha kupata umbo: shairi, picha, wimbo, makala, programu ya kompyuta. Mkataba wa Berne wa 1886, ambao nchi nyingi zimo ndani yake, umeweka kima cha chini kwa kazi nyingi kuwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Haki hiyo huzaliwa pamoja na kazi yenyewe, bila kujaza fomu yoyote. Basi.

Kinachonikera ni jinsi jina lenyewe linavyotupotosha. "Haki" na "miliki" yote ni maneno ya Kiarabu, na hilo la pili lina ukoo mkubwa: ndugu zake ni malkia, milki na mamlaka. Anayemiliki anatawala. Ukiyaunganisha mawili hayo, sikio linasikia amri ya kifalme: hiki changu, asikiguse mtu. Jina halisemi ni kitu gani kinachomilikiwa, wala mwenye haki anaweza kumzuia mwingine asifanye nini.

Tena lina jirani mbaya. Badili herufi moja tu, k iwe t, unapata hatimiliki, yaani karatasi inayoonyesha kwamba kiwanja ni chako. Nimesoma maandishi ya watu wazima, wasomi, wakiandika moja wakikusudia jingine. Sidhani ni kosa la vidole tu. Wengi wetu tunaifikiria hakimiliki kama hati ya kiwanja: nimefika hapa kwanza, nimeweka alama, anayelima humu ni mvamizi. Lakini kiwanja kina mipaka unayoweza kuipima kwa kamba. "Programu ya kuwakutanisha wenye magari na wanaotaka usafiri" utaipima kwa nini?

Waingereza waliiita haki ya nakala, copyright. Ni jina la kikarani, halina fahari yoyote, na lina sababu yake. Wachapaji wa London walikuwa na chama chao kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1557. Mchapaji akishaandikisha kitabu katika daftari la chama, wenzake hawakuruhusiwa kukichapa. "Nakala" maana yake ilikuwa ule mswada alioushika mkononi, na haki ilikuwa yake yeye. Mwandishi alilipwa akaenda zake. Ni sheria ya 1710, enzi ya Malkia Anne, iliyomgeukia mtunzi na kumpa miaka 14, na mingine 14 ikiwa bado yu hai. Wafaransa nao huiita haki ya mtunzi. Jina moja linakwambia tendo linalozuiwa, jingine linakwambia nani wa kulindwa. Letu halisemi hili wala lile. Sipendekezi tulitupe, maana limeshaota mizizi, na wanaosema "kopiraiti" wananiumiza sikio zaidi.

Turudi kwa wazo. Katika karne ya 19 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Baker na Selden. Selden alikuwa ameandika kitabu kueleza mfumo wake wa kutunza hesabu, na ndani yake aliweka fomu zenye safu zilizopangwa kwa namna yake. Baker akauza vitabu vya hesabu vyenye fomu zinazofanana na zile. Mahakama ikasema kitabu cha Selden kinalindwa, mfumo alioueleza haulindwi. Kama alitaka mfumo uwe wake peke yake, mlango wake ulikuwa hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, na huko kuna maombi, ukaguzi na masharti mengine kabisa. Mkataba wa TRIPS wa 1994, ule wa kimataifa unaounganisha biashara na haki za ubunifu, unasema jambo hilohilo kwa ufupi: ulinzi ni wa namna jambo lilivyoelezwa, haugusi mawazo, taratibu, mbinu za utendaji wala dhana za hisabati.

Kuna mahali mpaka unafifia, nakubali. Wapenzi wawili kutoka familia zenye uhasama ni wazo, halina mwenyewe. Ukichukua matukio yangu kwa mpangilio wake, wahusika wangu na tabia zao, hadi yale maneno wanayoambiana dirishani, huko umeshaliacha wazo na kuingia katika kazi yangu. Ni lini hasa umevuka? Mawakili wanakula kwa swali hilo.

Intaneti imeongeza mkorogo wake. Kila unapofungua ukurasa, kivinjari chako kinatengeneza nakala ndani ya simu, la sivyo usingeona kitu. Ukilifuata jina la Kiingereza neno kwa neno, kusoma tu ni kunakili! Ndiyo maana sheria ya Ulaya ya 2001 ililazimika kuziruhusu nakala za mpito za aina hiyo. Kumtumia mtu kiungo, kwa upande mwingine, ni kumwelekeza njia, wakati kupiga picha ya skrini na kuisambaza ni kunakili kweli. Halafu kuna wale wanaopakia wimbo mzima wa mtu na kuandika chini yake "haki zote ni za mwenye wimbo". Ahsante kwa kukiri. Kumtaja mtunzi kunakuepusha na tuhuma ya kujifanya wewe ndiye uliyetunga, ambayo ni aibu ya aina nyingine, ruhusa hakukupi. Unaweza kuchukua tungo za Shakespeare ukaziandika jina lako bila kuvunja hakimiliki ya mtu, maana muda wake ulishapita, na bado ukabaki mwongo.

Hata ile "haki zote zimehifadhiwa" inayobandikwa kila mahali ni masalia ya mkataba wa Buenos Aires wa 1910, uliotaka mwenye kazi atangaze kwamba anahifadhi haki zake. Kwa nchi zilizomo katika mkataba wa Berne haiongezi kitu. Tunaiandika kwa mazoea.

Yule kijana nilimuuliza kama alikuwa na chochote kwenye karatasi. Anazo kurasa tatu za maelezo na michoro ya skrini, alisema, ila rafiki yake hakuwahi kuziona. Nikamwambia basi aseme "ameniiga", au kama waliahidiana siri, "amevunja ahadi", na hilo la ahadi anaweza kumpelekea mwanasheria. Zile kurasa tatu ni hakimiliki yake tangu siku alipoziandika. Siku atakapokuta aya zake mwenyewe ndani ya programu ile, anipigie simu, nami nitamsaidia kulitamka neno hilo kwa sauti kubwa.